Mtego wa Brevet ya Dawa

Msomaji, wiki iliyopita ulikunja gazeti ukamwacha Hippolyte amesimama ndani ya chumba cha dawa cha hospitali ya Kasongo, glasi imegusa mdomo, munganga mzungu anamkazia macho. Haya, likunjue tena. Bado hajameza.

"Kunywa!" munganga akarudia.

Ndiyo ilikuwa desturi yake. Watu wa Kasongo walimwita Bwana Mizani, na hakuna aliyewahi kupata brevet, ile karatasi ya msaidizi wa dawa, mbele yake kabla ya kuonja alichochanganya kwa mikono yake mwenyewe. "Dawa usiyoweza kuinywa wewe, utampaje mutoto wa mwenzako?" Alisema hivyo kila mwaka, kwa Kingwana chake cha kukwaruza, Kiswahili cha Kongo.

Hippolyte alikuwa amechanganya dawa ya kikohozi cha watoto, ile ya sukari na maji ya nanaa. Alikuwa amepima vizuri na kutikisa vizuri. Lakini glasi ilipofika chini ya pua, kitu kikamchoma. Nanaa hupoza. Hii ilipanda mpaka kwenye macho.

Kafuri!

Ile dawa ya kusugua magoti ya wazee. Ile ambayo ikiingia tumboni mwa mtoto humwangusha kwa degedege.

Hippolyte akatupa jicho kushoto. Pale alisimama Gérard, shemeji yake, kaka wa mkewe Apolline. Walikuwa wametoka Kabambare pamoja kuitafuta brevet hiyohiyo. Gérard hakuwa anaangalia glasi. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na jasho lilimtiririka shingoni kama mtu aliyetwishwa gunia la pamba.

Hapo Hippolyte akajua. Hakuambiwa na mtu.

Akinywa, ataanguka. Akimwaga, ameshindwa mtihani. Akisema, amempeleka boloko, gerezani, ndugu wa mke wake.

Akaishusha glasi mezani.

"Sinywi, munganga."

"Basi umeshindwa."

"Nimeshindwa, ndiyo. Nilimimina bila kunusa kwanza. Lakini ile chupa, munganga, ndani yake hakuna nanaa."

Ma Sœur Cécilia, mtawa aliyekuwa msimamizi wa duka la dawa, akakamata msalaba wake. Munganga akaichukua chupa, akazibua, akanusa. Uso wake ukabadilika, ukawa mwekundu mpaka masikioni.

"Nani amepanga chupa hizi asubuhi?"

Macho yote yalikwenda upande mmoja, kwenye pembe ya chumba, alikosimama mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani. Huyu alikuwa Régina, mjane wa Kasongo, mwenye kazi ya kuosha chupa na kuzipanga.

"Ni miye niliyezipanga," Régina akasema. "Lakini nilitia nanaa! Ma Sœur, uliniona! Nilitia nanaa!"

"Nilikuona jana," Ma Sœur Cécilia akajibu kwa sauti ndogo. "Leo sikukuona."

Ole wako, mama wa watu! Neno dogo la kweli likishikwa vibaya, laweza kumfunga mtu.

Bwana Mizani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sikieni. Mutu mumoja wa chumba hiki ametaka kuua. Ninakwenda kuona wagonjwa wangu. Nikirudi, nataka jina. Nisipopata jina, hakuna brevet kwa mutu yeyote, na huyu mwanamuke anakwenda polisi."

Akamtoa Ma Sœur Cécilia, akatoka naye. Ufunguo ukazunguka kwa nje. Dirishani, nyuma ya vyuma, kikatokea kichwa chenye kofia nyekundu: Assumani, askari wa zamu, amewageuzia mgongo.

Watatu wakabaki ndani, pamoja na harufu ya kafuri.

*

Régina aliketi juu ya kasha, akajifunika uso kwa kitambaa chake. Hippolyte akamsogelea shemeji yake mpaka pumzi zao zikagusana. Akaacha Kingwana, akashika Kibangubangu, lugha ya kwao Kabambare, ili mwanamke wa Kasongo asisikie.

"Gérard. Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Usinichezee. Mkono wako bado unanuka."

Gérard akauficha mkono nyuma, kama mtoto. Kisha akateleza ukutani mpaka chini.

"Hakutaka ufe, shemeji. Alisema utasikia harufu mara moja. Alisema utaikataa glasi, munganga atakufukuza, basi. Utarudi nyumbani tu."

"Nani alisema?"

"Bwana Roger."

Hippolyte akarudi hatua moja. Bwana Roger! Mkubwa wake mwenyewe! Mzungu wa dispansere ya kampani ya pamba kule Kabambare, ambaye asubuhi huchukua bunduki akaenda kuwinda, na huku nyuma Hippolyte anafungua mlango, anachanganya dawa, anafunga vidonda, anafunga mlango. Bwana Roger aliyemwandikia ruhusa ya safari kwa mkono wake! Aliyemshika mkono mbele ya watu na kumwambia nenda, mwanangu, utuletee sifa!

"Unasema uongo."

"Ningependa ingekuwa uongo. Alisema, mutu mwenye brevet ataomba kazi Salamabila, kwa watu wa zahabu. Wanajenga duka la dawa kule, wanatafuta mutu, lakini bila brevet hawamupokei hata kumusikiliza. Ukiipata utakwenda. Ukikosa, utabaki Kabambare, na yeye ataendelea kuwinda."

"Naye amekupa nini? Amekununua kwa nini, wewe ndugu ya muke wangu?"

Gérard akainua uso. Ulikuwa umelowa.

"Baba."

Neno hilo likamzuia Hippolyte mkono uliokuwa umeshapanda.

Msomaji wa tangu mwanzo anamkumbuka muzee Heri, baba yao Gérard na Apolline. Na wewe uliyeanza leo, jua hivi: muzee Heri alikamatwa kwa ajili ya dini iliyokatazwa na Serikali, akapandishwa mtumbwini amefungwa kamba, akapelekwa kambi ya wahamishwa kule jimbo la mbali la Ekwateri. Hakuhukumiwa miaka. Aliambiwa akae huko. Tangu siku ile mkewe hajafunga mlango wa nyumba yake, hata mvua ikinyesha.

"Bwana Roger anakula na Administrateur, mukubwa wa Serikali," Gérard akasema. "Ameniapia. Wewe ukikosa brevet, yeye atasema neno, na baba atarudishwa Kabambare. Shemeji, ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Hippolyte alikwenda dirishani, akashika vyuma.

Alikumbuka mama yake mzazi, aliyefia Wamaza. Si mbali, mtu wa miguu anafika. Bwana Roger alimkatalia ruhusa: wagonjwa ni wengi, mama yako amekwisha kufa, utamponya? Walimzika bila yeye. Siku ile ndiyo aliyoanza kuiwaza brevet. Aliapa kwamba atajifunza, atapata karatasi, ataomba kazi mahali ambapo mtu anaweza kumzika mama yake. Angeuacha mkataba tu, kusingekuwa kuondoka bali kutoroka, na mtoro hushikwa, huchapwa, hurudishwa. Njia ilikuwa hii moja.

Na sasa njia hiyo ilipita juu ya mgongo wa muzee Heri.

Akimtaja Gérard, Gérard ataulizwa, atamtaja Bwana Roger, na muzee atafia ugenini. Akinyamaza, Régina anakwenda polisi. Kila alipogeuka alikuta ukuta.

"Mumemaliza?"

Wote wawili wakaruka.

Aliyesema ni Régina. Ameondoa kitambaa usoni. Na alichosema, alikisema kwa Kibangubangu safi kama cha bibi kizee!

"Mama yangu alizaliwa Wamaza," akasema. "Nimenyonya lugha hiyo. Mulikuwa munasema mbele yangu sawa munavyosema mbele ya mbuzi."

Gérard akafunika kichwa kwa mikono. Hippolyte akamgeukia mwanamke yule, akaona hakuna hata chozi usoni mwake. Alikuwa amekasirika kabisa.

"Mama Régina..."

"Usiniite mama! Mulikuwa munapima! Nilikusikia ukinyamaza pale dirishani, nikajua unapima. Baba yenu upande huu, miye upande huu. Nilikuwa mwepesi, eh?"

"Sikuwa nimekata neno."

"Ndiyo hiyo! Hukuwa umekata neno! Mutu aliyeniponza iko mbele yako, na bado hukuwa umekata neno!"

Akanyanyuka, akaenda dirishani kwa hatua ndefu.

"Assumani!"

Kofia nyekundu ikageuka. "Nini?"

Gérard alitambaa kwa magoti, akamshika Régina upindo wa nguo. Alikuwa anatikisa kichwa tu. Hippolyte angeweza kumziba mdomo mwanamke yule, maana alikuwa na nguvu mara mbili yake. Hakusogea. Mikono yake ilimning'inia tu.

"Mwache aseme," akamwambia shemeji yake. "Ana haki."

Régina akamtazama. Kisha akasema na Assumani.

"Nipe maji ya kunywa."

"Maji yako mengi humo ndani," Assumani akanung'unika, akageuka tena.

Régina akajivuta, nguo ikamtoka Gérard mikononi.

"Sijawasamehe," akasema polepole. "Niko na watoto, na mume wangu iko kaburini. Mutaamua ninyi wenyewe. Lakini munganga akifungua ule mlango, na nisisikie jina kutoka kwenu, nitalisema miye, na la muzungu wenu nitalisema, na limpate atakayepatwa."

Wakasikia hatua ukumbini. Zilikuwa nzito, za haraka. Bwana Mizani amerudi kabla ya wakati!

Hippolyte akafikiri upesi kama mtu anayezama. Njia moja ilibaki. Aseme ni yeye. Aseme alizichanganya chupa mwenyewe kwa uzembe, akaogopa. Régina atapona, Gérard atapona, muzee Heri atarudi. Yeye peke yake atabaki Kabambare mpaka azeeke, akifungua mlango asubuhi, akifunga mlango jioni.

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka.

"Jina!" munganga akasema.

Hippolyte akavuta pumzi. "Munganga, ni mi..."

"Ni miye," Gérard akasema.

Alikuwa amesimama. Mkono wake unaonuka alikuwa ameuweka mbele, wazi, ili munganga aunuse.

"Niliingia asubuhi, huyu mama akiwa kisimani. Nilimwaga nanaa, nikatia kafuri. Yeye hajui kitu."

"Kwa nini?"

"Wivu. Ule mwanamume ni mume wa dada yangu. Kila siku nyumbani ni Hippolyte, Hippolyte. Hata mama yangu mzazi anasema Hippolyte."

"Nani amekutuma?"

Hapo Gérard akamtazama Hippolyte. Macho yale yalikuwa yanasihi. Nyamaza, yalisema. Nimeibeba. Usiifungue.

"Hakuna. Peke yangu."

Munganga akamgeukia Hippolyte. "Wewe unajua neno lingine?"

Akisema kweli, uchungu wa Gérard unakuwa bure. Akinyamaza, anamwacha shemeji yake aingie boloko peke yake, na Bwana Roger anabaki na mikono safi.

"Sijui neno lingine, munganga."

Régina alifungua mdomo. Akautazama mkono wa Gérard, ule uliokuwa bado hewani. Akaufunga mdomo.

Assumani akaingia na kamba.

*

Basi, msomaji, sikia ajabu ya dunia. Wakati Gérard anafungwa mikono ukumbini, Bwana Mizani aliketi, akaweka chupa mpya mezani, akamwambia Hippolyte, "Anza tena."

Na Hippolyte akaanza tena. Angefanya nini? Akapima, akamimina, akatikisa, na safari hii akanusa kila chupa kabla ya kuigusa. Hakusikia furaha wala woga. Alisikia hatua za Gérard zikiondoka.

Akanywa. Ilikuwa tamu.

"Umepata," munganga akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Umepata vizuri. Mutu anayekataa dawa mbaya mbele ya mukubwa wake, huyo ninamtaka. Osha vyombo, ninakwenda kusaini."

Umepata! Neno alilolingoja tangu kaburi la mama yake! Hippolyte akainama.

"Aksanti, munganga. Nitaingojea ofisini kwako?"

"Ungojee nini?"

"Brevet."

"Ah, hapana. Wewe ni mutu wa mkataba. Brevet ya mutu wa mkataba inapita kwa mukubwa wake wa kazi, ni sheria. Na uko na bahati, haitakwenda kwa posta. Mukubwa wako amefika sasa hivi. Iko nje na kamyo yake. Nitamupa mkononi."

Kitambaa cha kufutia kikamdondoka Hippolyte.

Ma Sœur Cécilia, aliyerudi pamoja na munganga, alimpongeza kwa Kifaransa, hakumsikia. Régina alikuwa anaokota chupa sakafuni, na alipopita karibu naye akasema bila kuinua kichwa:

"Muzungu wenu huyo?"

"Huyo."

"Basi usitoke."

Lakini hospitali ile haikuwa na mlango mwingine.

*

Kamyo ya kampani ilikuwa imesimama uani, moto tayari, inatetemeka. Bwana Roger alikuwa ameegemea mlango wa mbele, kofia ya kizungu imesukumwa nyuma, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa, yenye mhuri mwekundu.

"Félicitations, hongera, Hippolyte!" akaita. "Nimesikia yote. Shemeji yako, ah! Nani angefikiri? Mutu uliyemulisha."

"Brevet yangu, Bwana."

"Ni hii. Nzuri sana. Nitaitunza, wewe utaipoteza njiani. Panda, jua linakwenda."

"Bwana, nilitaka kuiona tu."

"Utaiona Kabambare." Akatabasamu. "Tena tazama, nimekuletea zawadi. Nilifikiri, labda Hippolyte atapenda Kasongo, atasahau njia ya kurudi. Basi nimemuleta mutu wa kumukumbusha."

Hippolyte akainua macho. Nyuma ya kamyo, juu ya magunia, aliketi Apolline, mke wake, mwenye mimba ya siku zake za mwisho. Barabara ile mbovu yote ya kutoka Kabambare! Mkono mmoja ameshika tumbo, mwingine ameshika ubao.

Hakucheka alipomwona mumewe. Alikuwa amevimba macho.

Hippolyte akakanyaga gurudumu, akapanda kwake. Bwana Roger akaingia mbele, akabamiza mlango.

"Umeumia?" Hippolyte akanong'ona. "Mutoto anapiga?"

"Mutoto anapiga. Sikia. Sikia kabla ya gari kuondoka." Apolline akamvuta shingo, mdomo ukamgusa sikio. "Baba amekufa."

"Nani?"

"Baba! Muzee Heri! Mutu wa kule kambini amerudi, amefika kwa mama. Baba amekufa tangu mvua za mwaka jana. Walimuzika hukohuko. Na yule mutu, Hippolyte, alifika kwanza kwa Bwana Roger, kitambo sana. Bwana alimupa chumvi na nguo, akamukataza kutuambia. Anajua! Anajua tangu kabla ya ninyi kuondoka! Gérard iko wapi? Nataka kumuambia Gérard."

Hippolyte aligeuza kichwa.

Ng'ambo ya ua, kwenye njia ya kwenda polisi, Assumani alikuwa anatembea taratibu, na mbele yake Gérard, mikono imefungwa nyuma, kichwa juu. Alitembea kama mtu anayejua kwa nini anatembea. Alikuwa anamnunulia baba yake njia ya kurudi nyumbani.

Bado kidogo atapinda nyuma ya ukuta. Baadaye ataandikiwa maneno yake polisi, yatafungwa, na nani atayafungua?

Kamyo ikanguruma. Ikaanza kusogea.

"Gérard iko wapi?" Apolline akauliza tena, na safari hii na yeye alikuwa ameiona ile kamba.

Hippolyte akaruka chini. Aliangukia magoti, akanyanyuka na vumbi lake, akajaza kifua pumzi.

"Gérard! Baba alikufa! Bwana Roger alikudanganya! Alikufa zamani!"

Sauti ilipiga kuta za hospitali ikarudi. Assumani akasimama. Gérard akasimama, akageuka polepole, uso wake wazi kama wa mtu aliyeitwa kutoka usingizini. Mlangoni pa chumba cha dawa akatokea Régina, na nyuma yake miwani ya munganga ikang'aa.

Kamyo pia ilisimama.

Bwana Roger alitoa kichwa dirishani, kisha kiwiko, kisha mikono yote miwili. Ungesema anataka kuvuta sigara. Mkono mmoja ulikuwa umeshika brevet ya Hippolyte. Mwingine ulikuwa umeshika kiberiti kinachowaka, karibu na karatasi, na hakukizima.